Namba ya mchezaji wa kikapu inaamuliwa na urefu au na kazi? (Timu ya shule, Mufindi)

Mwl_Mafinga

Kamwene wadau. Nimekabidhiwa timu ya wavulana ya sekondari huku Mufindi, tunajiandaa na UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya wilaya. Nina vijana 12. Wanaonisumbua kuwapanga ni hawa wanne:

A: sm 188, ndiye mrefu kuliko wote. Anadunda mpira kwa mikono yote miwili, pasi anaziona mapema, ila hapendi kugusana na watu.
B: sm 176, kifua kipana, haruki sana, lakini akishasimama mahali kumsogeza ni kazi.
C: sm 165, mwepesi, shuti yake inaingia, mkono wa kushoto hajui kudunda kabisa.
D: sm 181, mwembamba, anaruka sana, shuti hana.

Walimu wenzangu wanasema mrefu ni senta, mfupi ni pointi gadi, basi. Nikipanga hivyo C anapokonywa mpira kabla ya mstari wa kati na A anasukumwa mpaka nje ya mstari wa mwisho. Hasa ni kitu gani kinachomfanya mtu awe namba moja (pointi gadi) au namba tano (senta)? Uwanja wetu ni wa sementi, na eneo la sekunde tatu ni lile la zamani lililopanuka kuelekea chini ya goli.

---

Filimbi_Njombe

Kamwene mwalimu. Mimi nitajibu upande wa kanuni, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo.

Kanuni za FIBA (shirikisho la kikapu duniani) hazimpi senta wala pointi gadi haki au katazo lolote la peke yake. Zinajua wachezaji watano uwanjani, mmoja wao kapteni, na wengine benchi. Namba ya jezi (0, 00, au 1 hadi 99) haina uhusiano na nafasi. Hata ule mpira wa kuruka wa kuanzia mchezo, anaruka yeyote kati ya watano. Ni tofauti kabisa na netiboli, ambako GS (mfungaji) akivuka kwenda theluthi ya kati anapulizwa, na herufi zake ziko kifuani ili mwamuzi ajue mipaka yake.

Kwenye kikapu, namba zimezaliwa na saa na mistari. Timu ina sekunde 8 kuvusha mpira mstari wa kati, kwa hiyo lazima awepo mtu anayeweza kuuvusha huku anabanwa. Huyo ndiye mnayemwita namba moja. Timu ina sekunde 24 za kushuti, kwa hiyo lazima mmoja ajue muda umebaki kiasi gani na nani apewe. Mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3 mfululizo ndani ya lile eneo la chini ya goli timu yake ikiwa na mpira mbele, kwa hiyo anayecheza pale lazima ajue kuingia na kutoka. Kosa la masenta wa shule ni hili: wanatoa mguu mmoja tu wakidhani wametoka. Mstari wenyewe ni sehemu ya eneo. Hujatoka mpaka miguu yote miwili iguse sakafu nje yake.

Sasa huo uwanja wako, mwalimu, usiuchukulie kirahisi. Umbo hilo FIBA ililiondoa mwaka 2010. Lilikuwa na upana wa m 6 kwenye mstari wa mwisho na m 3.6 kwenye mstari wa mitupo huru. La sasa ni mstatili wa m 4.9 kwa m 5.8. Ukifanya hesabu, kijana anayesimama pembeni mwa mstari wa mitupo huru kwenye uwanja wako yuko nje akiwa m 1.8 tu kutoka katikati. Kwenye uwanja mpya mahali hapohapo ni ndani, maana sasa nje ni m 2.45. Atapulizwa sekunde tatu bila kuelewa kosa lake. Mstari wa pointi tatu nao ulitoka m 6.25 ukaenda m 6.75, hivyo C akizoea kushuti akikanyaga palepale nyuma ya mstari wa zamani, mashindanoni anapata pointi mbili. Chukua kamba, futi na chokaa, chora vipimo vipya kabla hujampangia mtu yeyote pa kusimama.

---

Kocha_Uyole

Refa kamaliza upande wake. Nami niseme wazi mwalimu: urefu unaupima mwisho. Ninachotazama kwanza ni nani ataweza kumkaba nani. Kwenye ushambuliaji unaweza kumficha mtu asiyejua kitu, mpeleke kona asimame. Kwenye ulinzi huwezi kumficha, wapinzani watampelekea mpira yule anayekabwa naye mpaka uite mapumziko.

Kwa hiyo B wako ndiye anayemkaba senta wao, hata akimzidi sm 10. Kinachomshinda mtu mrefu chini ya goli ni miguu na kiuno. B akunje magoti, makalio yawe chini kuliko ya mpinzani, paja lake liwe juu ya goti la yule mtu, mkono uliokunjwa ukae mgongoni bila kusukuma. Mpira ukiwa upande wake, ahamie mbele ya mtu wake ili pasi isipite, na A awe nyuma kama msaada. Hapo urefu wa A unafanya kazi bila yeye kusukumana na mtu. Wakiinua mpira juu ya kichwa cha B, unaangukia mikononi mwa A.

Ushambuliaji ni habari nyingine, na hapo hakuna sababu B awe ndani kwa kuwa tu anakaba ndani. Mchezaji ana namba za aina mbili, ya kukaba na ya kushambulia. Mfano mkubwa ni Nikola Jokić wa Denver, timu ya NBA (ligi ya kulipwa ya Marekani). Ana sm 211, anakaba masenta, lakini mpira unapita mikononi mwake kama vile ni pointi gadi. Msimu wa 2024–25 alikuwa na wastani wa pasi za kufunga 10.2 kwa mechi, jambo ambalo senta mwingine hajawahi kulifanya NBA. Kwa upande mwingine, mwaka 2015 Golden State, nao wa NBA, walikuwa nyuma mechi 2 kwa 1 kwenye fainali, wakamtoa senta wao mrefu kwenye kikosi cha kuanza na Draymond Green mwenye sm 198 akawa ndiye anayekaba ndani. Walishinda mechi tatu zilizofuata. Na Hasheem Thabeet wetu, sm 221, alipochaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA (timu zinapochagua wachezaji wapya) mwaka 2009, kilichokuwa kimemjengea jina pale Chuo Kikuu cha Connecticut kilikuwa kuzuia mashuti. Kufunga kulikuja nyuma.

Jinsi ya kuwapima, fanya hivi. Usipime kimo peke yake, pima mkono ulionyooshwa juu. Mpake chaki vidoleni, asimame bila kuinua visigino, aguse ukuta. Vijana wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana sm 8 au 10 hapo, na ringi iko m 3.05 kwa wote. Naamini utakuta D anamkaribia A kuliko unavyofikiri.

Namba moja asipimwe akiwa peke yake. Mweke mlinzi mmoja wa kumbana tangu mstari wa mwisho, avushe mpira katikati ndani ya sekunde 8, mara 10. Raundi tano za kwanza mlinzi amfungie upande wa kulia ili alazimike kutumia kushoto. Akipoteza mpira zaidi ya mara mbili, si namba moja yako kwa sasa, hata awe mwepesi vipi. C ataanguka hapa. Usimlaumu, ni mchezaji wa namba mbili (gadi wa kushuti): apokee mpira ukiwa umeshavuka, miguu yake ikiwa tayari, ashuti.

Wa kuvusha ni A. Ndiyo, yule mrefu. Anaona juu ya mlinzi wake. Ila mwambie adunde mpira chini ya goti. Mtu wa sm 188 akidunda kwa kiuno chake, yule mfupi anayembana anauchukua kila mara. Akishavuka apige pasi pembeni, kisha asogee mwenyewe kwenye kona ya mstari wa mitupo huru.

Jambo dogo la huku kwetu: mwezi wa sita na wa saba asubuhi mpira unapoa, upepo wa ndani unanywea na haurudi juu inavyotakiwa. Ukiwapima kudunda saa moja asubuhi utawaona wote wabovu. Pima mchana, au jaza mpira wakati huohuo wa baridi.

---

Tukuyu_04

Kocha Uyole nakuheshimu, lakini hilo la kila mtu kuwa na namba ya kukaba na ya kushambulia ni zito kwa wanafunzi wenye wiki chache za mazoezi. Nimeona timu nyingi zinaambiwa "chezeni popote", halafu mpira wa kurusha kutoka nje wanaukimbilia wawili pamoja, na shuti ikipigwa wote watano wanaenda ribaundi (kugombea mpira uliokosa goli). Wapinzani wanapata mpira, mbele hakuna mtu, leiapu (shuti ya chini ya goli) ya bure.

Mtoto anahitaji kujua mahali pake kwenye nyakati nne tu, na hizo ndizo namba yake:

Mpira unarushwa kutoka nje: nani anarusha, nani anapokea. Anayerusha ana sekunde 5. Asiwe yule unayemtaka apokee, kosa hili lipo kila wilaya.

Mpira unapanda: nani anao, nani anakimbilia kona ya kulia, nani ya kushoto. Wa kona wakimbie mpaka mwisho kabisa. Wakiishia nusu, wanawaletea walinzi wao katikati ya njia ya mwenye mpira.

Shuti imepigwa: watatu ribaundi, mmoja kwenye mstari wa mitupo huru kwa mipira inayoruka mbali, mmoja anarudi mpaka mstari wa kati hata kama shuti ni yake mwenyewe.

Mpira umepotea: aliye karibu na mpira anamchelewesha mwenye nao, wengine wanarudi kwanza chini ya goli ndipo watafute watu wao.

Mpe kila mmoja jibu la hayo manne. D kwa mfano: harushi wala hapokei, anakimbilia kona ya kushoto, shuti ikipigwa anaenda ribaundi upande wa mbali na shuti, mpira ukipotea anakimbia chini ya goli. Hapo umeshamwambia ni namba tatu (wa pembeni) bila kutaja namba tatu. Upande wa mbali nasisitiza kwa sababu shuti za kona zikikosa, nyingi zinaangukia upande wa pili wa ringi, na D anaruka.

---

Kocha_Uyole

Tukuyu, hapo tuko pamoja. Hizo nyakati nne ni bora kuliko majina. Ninachokataa ni kumfungia kijana wa kidato cha pili chini ya goli kwa sababu ya urefu wake wa leo. Wenzake wakimfikia kidato cha nne anabaki hajui kudunda wala kushuti. Mazoezini wote wadunde, wote washuti, wote wakabe ndani. Mechini ndipo wapewe kazi zao.

---

DadaKihesa

Habari za humu. Naongeza kwa wanaofundisha wasichana, maana wengi wetu tunawapata wakitoka netiboli, na makosa ya kuwapangia namba ni tofauti kabisa na ya mwalimu wa Mafinga.

Kosa la kwanza ni kumchukua GS na kumweka senta moja kwa moja. GS amezoea kukaa ndani ya nusu duara bila saa ya sekunde tatu. Atapulizwa mpaka akate tamaa. Pia goli la netiboli liko m 3.05 kama la kikapu lakini halina ubao, kwa hiyo anashuti juu sana akilenga ringi tupu, mpira akiuachia kutoka juu ya kichwa. Mpira wa netiboli ni wa gramu 400 hadi 450. Wa kikapu namba 6 unazidi gramu 500. Akiwa umbali wa m 4 hauendi, anaanza kuutupa kwa mikono miwili. Mwanzishie m 2 kutoka goli, pembeni kwa nyuzi 45, alenge kona ya juu ya kile kisanduku kilichochorwa ubaoni, upande wake. Akishaweza huko, mrudishe hatua moja nyuma.

Hazina iko kwa GD na GK, yaani walinzi wa goli, na watu hawaioni. Netiboli inamkataza mlinzi kumkaribia mwenye mpira chini ya m 0.9, kwa hiyo hawa wamejifunza kuusoma mpira ukiwa hewani. Waweke kwenye pembe za mbele za ulinzi wa zoni (kila mmoja akilinda eneo badala ya mtu), watakata pasi nyingi sana. Udhaifu wao ni kukaba mwenye mpira: wanarudi nyuma hatua kwa mazoea. Zoezi la kuwakaribia wenye mpira kwa hatua ndogondogo, mkono mmoja juu, wapewe kila siku.

C (senta) wa netiboli, si yule kijana C, watu humfanya namba moja kwa kuwa anakimbia uwanja mzima. Akili ya pasi anayo. Kudunda hana, kwa sababu hajawahi kuruhusiwa kutembea na mpira. Na akipokea huwa anagandisha miguu, anatafuta mtu, anapiga pasi. Kwenye kikapu akishadunda akaushika amejifunga mwenyewe. Mpe namba mbili kwanza huku anafundishwa, na mpira uvushwe kwa pasi fupi za m 4 au 5 kati ya watu watatu. Hakuna kanuni inayosema mpira lazima uvuke kwa kudunda. Sekunde 8 zinatosha pasi nne.

---

Mwl_Mafinga

Nashukuru sana kocha, refa, dada, na ndugu wa Tukuyu. Chokaa nimeagiza. Maswali mawili ya mwisho. Timu nyingi za wilaya yetu zinacheza zoni 2-3 (wawili mbele, watatu nyuma), wanajaa ndani. Je, hao wanne nawasimamisha wapi? Na B akipata faulo mapema, nani anachukua nafasi yake?

---

Kocha_Uyole

Zoni 2-3 ina shimo moja kubwa, mwalimu: katikati ya mstari wa mitupo huru, nyuma ya wale wawili wa mbele na mbele ya yule wa kati wa nyuma. Hapo ndipo A anaposimama. Akipata mpira akiwa pale, m 4.6 kutoka ubao, ageuke kwanza atazame goli, asidunde. Yule senta wao akitoka kumfuata, B yuko nyuma yake karibu na mstari wa mwisho, pasi ya chini inamfikia. Asipotoka, A ashuti. Wakimbana wale wawili wa mbele, C yuko wazi pembeni. Kwa hiyo:

- A kwenye mstari wa mitupo huru, tayari kupokea. Mpira wakati huo auvushe mtu wa tano, au A auvushe kisha akimbilie pale.
- B kwenye mstari wa mwisho, nje ya eneo la sekunde tatu, akihamia upande mpira ulipo.
- C pembeni upande wa mkono wake wa kulia, nyuma ya mstari.
- D upande wa mbali na mpira. Kwenye zoni walinzi wanatazama mpira, hakuna anayemzuia kuingia ribaundi.
- Wa tano juu, kati ya m 7 na 8 kutoka goli, ndiye anayerudi kulinda.

Baina ya mtu na mtu kuwe na m 4 hadi 5. Wakikaribiana chini ya m 3, mlinzi mmoja anawakaba wawili na zoni inakuwa imefaulu bila jasho. Ni kosa linalojirudia kila dakika, kwa sababu watoto wanaufuata mpira. Weka alama za chokaa tano chini na usimamishe zoezi kila mtu akitoka mita moja kwenye alama yake.

C akicheza kona kabisa, mwonyeshe miguu yake. Kati ya mstari wa pointi tatu na mstari wa pembeni kuna sm 90 tu. Apokee akiwa ameshasimama. Akipokea huku anarudi nyuma, kisigino kinakanyaga nje.

---

Filimbi_Njombe

Kuhusu faulo: mchezaji anatoka kwa ya tano, na timu ikifikisha faulo nne ndani ya robo moja, kuanzia ya tano zisizo za ushambuliaji wapinzani wanapata mitupo miwili. Kwa hiyo usitazame za B peke yake, tazama pia za timu kwenye meza.

Faulo nyingi za walinzi wa ndani wa shule zinatokana na mikono kushuka mtu anaposhuti. Mlinzi ana haki ya nafasi yake kwenda juu mpaka angani, ilimradi mikono imenyooka wima na hajamrukia mtu. B afundishwe kuinua mikono na kuiacha hukohuko. Hilo peke yake litamweka uwanjani muda mrefu zaidi kuliko kumtafutia mbadala.

---

Tukuyu_04

Na mbadala awepo. Kila moja ya zile nyakati nne iwe na mtu wa pili benchi anayejua majibu ya mwenzake. B akiwa na faulo mbili robo ya kwanza, mtoe, ingiza aliyemfuatia kwa uzito na miguu, asiwe aliyemfuatia kwa urefu. Kama huna mtu wa namna hiyo kati ya hao 12, hamia zoni muda huo, D katikati ya nyuma kwa ajili ya kuruka kwake, A pembeni yake. Mrudishe B mwanzoni mwa robo ya pili, faulo za timu zikiwa zimeanza upya.

---

DadaKihesa

Mwalimu, orodha ya wabadala iandike kwenye karatasi mbili, moja yako na moja ya kapteni. Mkishaanza kupiga kelele kutoka benchi hakuna anayesikia.